Bweni Jipya Linajengwa, Mbona Vitanda Bado Havitoshi?

Chumba kimepangiwa wanafunzi wanne. Kina vitanda viwili vya deka, kila godoro upana wake futi mbili na nusu, meza mbili na kabati moja la milango minne. Ikifika saa tano usiku, wanaolala humo ni saba. Kila kitanda cha chini kina wawili waliolala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na kila cha juu kina mmoja. Mmoja kajitandikia sakafuni. Asubuhi lile godoro la sakafuni linasukumwa uvunguni kabla meneja wa bweni hajapita, na kwenye daftari lake chumba kinaendelea kuwa na watu wanne.

Nimelala chumba kama hicho mihula miwili, nikiwa mmoja wa wale watatu wasioandikwa. Tulikuita kubebana: mwenye kitanda anakubeba, wewe unabebwa. Ndiyo maana kila nikisikia mjadala wa mabweni, nasikiliza kwa makini wanahesabu nini. Bweni jipya linazinduliwa, utepe unakatwa, picha zinasambaa, na mwaka unaofuata foleni ya wanaotafuta pa kulala ni ileile. Watu wanahitimisha kwamba fedha zimeliwa, au kwamba wanafunzi wa siku hizi wanadeka. Fedha kuliwa ni jambo linalotokea, silipuuzi. Lakini uhaba unaweza kubaki palepale hata kila senti ikifanya kazi yake, kwa sababu udahili na ujenzi vina mwendo tofauti kabisa. Uamuzi wa kuongeza wanafunzi hupita kwenye kikao kimoja. Kitanda huchukua miaka.

Kwanza tuelewane maneno

Hapa nitaita bweni lile jengo la kulala linalosimamiwa na chuo, na hosteli lile la mtu au kampuni binafsi, ingawa mitaani maneno haya hubadilishana. Kipimo cha vyote viwili ni nafasi ya kitanda. Chuo hakimpangishi mwanafunzi chumba, kinampa nafasi moja ndani ya chumba. Kwa hiyo bweni lilelile linaweza kutangazwa kuwa la watu 400 mwaka huu na la watu 600 mwakani bila tofali hata moja kuongezwa. Wameingiza deka, basi. Ukisikia chuo "kimeongeza nafasi 200", uliza kama kuna ukuta mpya uliosimama.

Neno linalochanganya zaidi ni uhaba wenyewe. Wengi hudhani uhaba ni idadi ya wanafunzi ukitoa idadi ya vitanda. Sivyo. Afrika Kusini iliwahi kuunda kamati ya wizara kuchunguza malazi ya wanafunzi, na ripoti yake ya mwaka 2011 inatupa mfano mzuri. Mwaka 2010 vyuo vikuu vya nchi hiyo vilikuwa na vitanda takribani 107,600 kwa wanafunzi takribani 535,400 wanaohudhuria masomo darasani. Ukitoa tu, unapata pengo la zaidi ya 427,000. Kamati ikasema upungufu ni takribani 195,800.

Tofauti hiyo haikutokana na kosa la hesabu. Wapo wanafunzi wanaoishi kwao na kwenda chuo wakitokea nyumbani, wapo waliooa na kuolewa, wapo wafanyakazi, wapo wenye uwezo wa kupanga nyumba nzuri karibu na chuo na hawataki bweni hata ukiwalipa. Uhaba wa kweli ni idadi ya wale wanaohitaji kitanda cha chuo na hawakipati. Kuijua idadi hiyo kunataka mtu aende akaulize: unatoka wapi, unalala wapi sasa hivi, unalipa kiasi gani, unatembea muda gani kurudi usiku ukitoka maktaba. Chuo ambacho hakijauliza maswali hayo kinajenga kwa kubahatisha, na wale wanaobebwa hawataonekana kwenye hesabu yake kamwe, kwa kuwa kazi yao kubwa kila asubuhi ni kuhakikisha hawaonekani.

Hesabu inayowaumiza walio mwaka wa pili

Chukua chuo cha mfano. Kila mwaka kinapokea wanafunzi 2,000, kozi ni za miaka minne, kwa hiyo wote pamoja ni 8,000. Kina vitanda 4,000. Kama vyuo vingi, kimeamua kila wa mwaka wa kwanza apate kitanda, maana ndiye mgeni, hajui mji wala mtu. Hao wanachukua vitanda 2,000. Vinabaki 2,000 kwa wenzao 6,000 walio mwaka wa pili hadi wa nne. Kati ya kila watatu, mmoja anapata.

Sasa chuo kinaanzisha kozi mpya na kupandisha udahili hadi 3,000 kwa mwaka. Ni ongezeko la nusu tu, na kwenye taarifa linasomeka kama habari njema, na kweli ni njema: vijana 1,000 zaidi wameingia chuoni. Mwaka huohuo wapya wanachukua vitanda 3,000. Vinabaki 1,000 kwa wale wale 6,000, yaani mmoja kati ya sita. Kisha kundi kubwa linapanda mwaka, nyuma yake linaingia kundi jingine kubwa, na ifikapo mwaka wa nne tangu uamuzi ule, wanaoendelea na masomo wamekuwa 9,000 na vitanda vyao bado ni 1,000. Mmoja kati ya tisa.

Tazama kilichotokea. Udahili umekua kwa nusu, lakini nafasi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili kupata kitanda imeporomoka kutoka theluthi moja hadi sehemu moja ya tisa. Na hakuna aliyefanya ubaya. Ni matokeo ya ahadi mbili nzuri kukutana kwenye vitanda vilevile.

Chuo sasa kinajenga bweni la watu 1,000. Linazinduliwa kwa shangwe. Waliobaki wanagombea vitanda 2,000 wakiwa 9,000: wanaopata hawafiki hata mmoja kati ya wanne. Bweni jipya limesimama, ni jengo zuri, na bado hali ni mbaya kuliko kabla ya chuo kuanza kukua. Ili kurudi tu pale pa mwanzo, mmoja kati ya watatu, zilihitajika nafasi mpya 2,000. Hilo ndilo jibu fupi la swali la kichwa cha makala hii.

Mambo haya hutokea pia kwa kiwango cha nchi nzima. Kenya ilipoamua mwaka 2011 kuanza kupokea makundi mawili ya wanafunzi kwa mpigo, nia ilikuwa kumaliza mrundikano wa vijana waliokuwa wakisubiri muda mrefu nyumbani, mrundikano ambao mizizi yake ilirudi nyuma hadi vyuo vilipofungwa baada ya jaribio la mapinduzi la mwaka 1982. Ilikuwa haki ya vijana hao kuingia. Ila barua za udahili hufika haraka kuliko matofali. Uganda nako, Makerere ilipofungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia miaka ya 1990, idadi ilipanda bila mabweni ya chuo kupanda nayo, na hosteli za watu binafsi zikaota kuzunguka chuo.

Kwa nini jengo la ghorofa chache linachukua miaka

Mtu aliyejenga nyumba yake anajua kwamba mkandarasi akiamua, ukuta unapanda kwa wiki. Ni kweli. Sehemu ya ujenzi tunayoiona kwa macho ndiyo fupi. Kabla yake kuna upembuzi yakinifu, yaani kujiuliza kwa namba kama mradi una maana. Kuna kupima udongo, kwa sababu jengo la ghorofa juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha halitaki msingi sawa na la juu ya mwamba. Kuna michoro, vibali, kutafuta fedha, kutangaza zabuni, kusubiri rufaa za walioshindwa zabuni. Kila hatua ina ofisi yake na foleni yake. Kikao kimoja cha mamlaka kikiahirishwa mwezi huu, mara nyingi mwezi mzima umekwenda.

Halafu kuna kalenda ya chuo, ambayo haisamehe. Nyumba ya kawaida ikichelewa kukamilika mwezi mmoja, mwenyewe anahamia mwezi unaofuata. Bweni likichelewa mwezi mmoja baada ya chuo kufunguliwa, wanafunzi wameshatafuta vyumba mitaani na wameshalipa kodi ya miezi kadhaa mbele. Hawawezi kuhama. Mwezi mmoja wa mkandarasi unageuka kuwa muhula mzima, wakati mwingine mwaka.

Hapa mtu atanikumbusha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ana haki. Juni 2016 Rais John Magufuli aliahidi shilingi bilioni 10 kwa ajili ya hosteli za wanafunzi pale. Tarehe 15 Aprili 2017 alizizindua: majengo 20 yenye nafasi 3,840. Chini ya mwaka mmoja. Kama pale iliwezekana, mbona kwingine haiwezekani?

Ukiangalia kilichofupishwa, utaona si zege kukauka haraka. Ardhi ilikuwa tayari mikononi mwa chuo. Fedha zilitoka serikalini, hapakuwa na mkopo wa kujadiliwa na benki. Kazi alipewa Wakala wa Majengo Tanzania, chombo cha serikali yenyewe. Na jengo lilikuwa moja lililorudiwa mara ishirini, kwa hiyo fundi aliyelijenga la kwanza alilijua la tano kwa moyo. Zile hatua za kabla ya ujenzi ndizo zilizobanwa. Chuo kinachotaka mwendo ule kianze kwa kujiuliza ni kipi kati ya hivyo kinacho: ardhi, fedha taslimu, mjenzi aliye tayari, au mchoro unaorudiwa. Kikikosa vyote, hakuna msukumo wa kisiasa utakaofuta ile miaka.

Ufa na usio ufa

Majengo hayohayo yaliibua mjadala mwingine Desemba 2017, picha za mipasuko kutani ziliposambaa mitandaoni. Wakala wa Majengo ulieleza kwamba ile ni maungio ya kutanukia. Maelezo hayo wengi hawakuyaelewa, na hilo silishangai, kwa sababu ni jambo ambalo mtu hafundishwi mpaka ajenge.

Zege hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Kwenye nyumba ndogo huoni. Kwenye jengo refu, mwendo huo mdogo wa kila siku ukizuiwa, jengo lenyewe litajichagulia pa kupasukia. Kwa hiyo mhandisi hulikata jengo kwa makusudi, anaacha mwanya mwembamba kati ya sehemu mbili, mwanya unaojazwa kitu laini. Fundi akipitisha plasta juu ya mwanya huo badala ya kuufunika kwa kifuniko maalumu, plasta itapasuka tu, na atakayepita na simu ataona ufa.

Kuna dalili za kutazama. Maungio hushuka wima, mstari mnyoofu, kutoka juu ya jengo hadi chini, na utayakuta ghorofa zote mahali palepale. Ufa wa kuogopa mara nyingi hukaa kimshazari, unaanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango na kupanda kama ngazi kufuata maungo ya tofali, na unaongezeka upana mwezi hadi mwezi. Huo unaweza kuwa dalili kwamba msingi unazama upande mmoja. Anayeutilia shaka atie alama ya kalamu kwenye ncha zake na tarehe pembeni, arudi baada ya wiki kadhaa, na ampelekee mhandisi picha zote mbili. Ni haki ya anayelala ndani kuuliza, na ni wajibu wa mwenye jengo kumjibu kwa lugha anayoielewa.

Kilicho chini ya ardhi

Sehemu hii naiona inasahaulika kuliko zote. Bweni ni choo kikubwa chenye vyumba juu yake. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana ndivyo mhandisi wa maji anavyoliona.

Gawa zile nafasi 3,840 kwa majengo 20: kila jengo watu 192. Tuseme kila mmoja anatumia lita 80 za maji kwa siku, kuoga, kufua, kuflashi choo. Jengo moja linakula zaidi ya lita 15,000, mapipa zaidi ya 75 ya lita mia mbili mbili, kila siku. Majengo yote ishirini yanapita lita 300,000. Na karibu maji yote hayo yakiingia safi yatatoka machafu, nayo lazima yaende mahali. Bomba la majitaka lililowekwa zamani kwa ajili ya wanafunzi wachache halijui kwamba chuo kimekua. Likielemewa linarudisha mzigo, na unarudi kupitia choo cha ghorofa ya chini.

Kwa sababu hii "waongeze tu deka" ni ushauri unaoonekana mwepesi kuliko ulivyo. Chukua jengo lile la watu 192 lenye mabafu 24, bafu moja kwa watu wanane. Vipindi vinaanza mapema, wote wanataka kuoga asubuhi, kila mmoja dakika nane. Wa mwisho anatoka baada ya saa moja na dakika nne. Ongeza deka, jengo liwe na watu 288. Mabafu ni yaleyale. Sasa ni watu 12 kwa bafu, na wa mwisho anatoka baada ya saa moja na dakika 36. Anachelewa kipindi, au anaamka saa kumi usiku na ndoo. Ngazi za kukimbilia moto ukitokea nazo ni zilezile, soketi za umeme ni zilezile, na mahali pa kukaa kusoma pamekuwa kitanda. Mwaka mmoja wa dharura, watu watavumilia. Lakini dharura ya vitanda ina tabia ya kugeuka kanuni, na baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka kwamba chumba kilichorwa kwa ajili ya watu wawili.

Kwa upande mwingine, idadi ndogo inayofikiriwa vizuri hubadilisha maisha. Copenhagen kuna bweni la Tietgen, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 2000, jengo la duara lenye vyumba 360. Vyumba 12 vinashirikiana jiko moja. Watu kumi na wawili wanafahamiana kwa majina, na anayeugua atajulikana asubuhi ileile. Korido ya watu 60 haina uwezo huo.

Nani analipa

Dhana iliyoenea ni kwamba kodi ya bweni jipya ikiwa kubwa, basi chuo kina tamaa. Tuangalie hesabu. Chukua gharama ya kujenga kitanda kimoja, iite 100. Chuo kimekopa hiyo 100 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, kulipa kwa miaka 20 kwa mafungu yaliyo sawa. Kila mwaka kitalipa karibu 11.7, na mwisho wa miaka 20 kitakuwa kimelipa karibu 235. Kitanda kimenunuliwa zaidi ya mara mbili. Bado hujamlipa mlinzi, hujalipa umeme, hujabadilisha koki zinazovuja. Na mwanafunzi analala humo miezi minane au tisa, wakati mkopo unahesabu miezi kumi na miwili.

Njia ya pili ni ya mwekezaji: jenga, endesha, kabidhi. Chuo kinatoa ardhi, kampuni inajenga kwa fedha zake, inakusanya kodi kwa miaka iliyokubaliwa, kisha jengo linarudi kwa chuo. Chuo hakikopi, na kwenye vitabu vyake hakuna deni. Ila mwekezaji naye amekopa mahali, na anataka faida juu yake, kwa hiyo anajenga kile kinacholipa: chumba cha mtu mmoja au wawili chenye choo ndani. Kodi inapanda. Mikataba mingine inakitaka chuo kihakikishe vitanda vitajaa kwa kiwango fulani, na visipojaa chuo kinafidia. Hapo utakuta jambo linalowashangaza watu, vitanda vitupu kwenye chuo chenye uhaba. Mwanafunzi anayebebwa kwenye chumba cha watu saba hakukosa kitanda, alikosa kitanda anachokimudu.

Ipo njia ya tatu, isiyozungumzwa sana kwetu. Helsinki kuna mfuko wa nyumba za wanafunzi uitwao HOAS, ulioanzishwa mwaka 1969 na vyama vya wanafunzi. Unajenga na kupangisha bila kutafuta faida, na kodi ya majengo ya zamani yaliyomaliza madeni husaidia kubeba mapya. Haukujengwa kwa mwaka mmoja, na nadhani ndiyo siri yake: ulianza mapema na ukaendelea kujenga kidogokidogo. Serikali ya wanafunzi ambayo kila mwaka inapigania bei ya kodi ingeweza pia kudai kiti kwenye meza ambako majengo yanaamuliwa.

Njia za mkato, na jirani asiyetaka kelele

Makontena? Amsterdam iliyajaribu kuanzia mwaka 2005 kwenye mradi wa Keetwonen, makontena takribani 1,000, kila moja chumba cha mwanafunzi mmoja chenye choo na jiko lake. Yalikusudiwa kukaa miaka mitano. Yakakaa zaidi ya kumi, na yalipendwa na wengi waliokaa humo. Mafanikio yake yalitokana na vitu ambavyo picha hazionyeshi: yaliunganishwa maji, umeme na majitaka kama nyumba yoyote. Kontena tupu juani bila kizuia joto halifai kumlaza mtu.

Njia nyingine ya mkato ni kujaza watu wengi kwenye jengo moja kubwa. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kilipokuwa kinalaza mamia ya wanafunzi hotelini mwaka 2021, bilionea Charlie Munger alikuwa ameahidi dola milioni 200 kwa masharti kwamba bweni lijengwe kama alivyotaka yeye: jengo la wanafunzi 4,500 ambamo vyumba vingi mno vya kulala havikuwa na dirisha. Msanifu mmoja aliyekuwa kwenye kamati ya ushauri alijiuzulu kwa kuupinga mchoro huo. Mwaka 2023 chuo kiliachana nao. Miaka ilikuwa imepita, na vitanda havikuwa vimepatikana. Msaada wenye sharti la namna ya kujenga unaweza kugharimu muda kuliko mkopo.

Na kama ardhi ipo, fedha zipo, mchoro upo, bado kuna majirani. Huko Berkeley, California, chuo kikuu cha mji huo kilitaka kujenga malazi ya wanafunzi wapatao 1,100 kwenye bustani ya People's Park. Februari 2023 mahakama ya rufani ilisema chuo kilipaswa kupima pia athari za kelele za wanafunzi. Bunge la California likabadili sheria mwaka huohuo, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikauruhusu mradi. Siwalaumu majirani moja kwa moja. Mtaa usioulizwa lolote huenda mahakamani kwa sababu ndiko unakosikilizwa.

Pia husikika kwamba bweni jipya linawaua kiuchumi wenye nyumba za kupangisha. Kwenye chuo kinachokua kwa kasi ya mfano wetu, bado wanafunzi maelfu watabaki mitaani. Kinachoweza kupungua ni nguvu ya mwenye nyumba kumwambia binti aliyefika na begi usiku kwamba alipe kodi ya mwaka mzima au aondoke.

Ukisikia "bweni la wanafunzi 1,000"

Swali la kwanza kuuliza ni: nafasi mpya halisi ni ngapi? Mara nyingi bweni jipya likifunguliwa, la zamani lenye paa linalovuja linafungwa kwa ukarabati, tuseme la watu 300. Chuo kikiwa na nia njema kinaondoa pia deka za dharura zilizoongezwa miaka iliyopita, tuseme nafasi 200. Elfu moja imekuwa mia tano kabla mwanafunzi hata mmoja wa foleni hajapewa ufunguo.

Kisha hizo mia tano zinaombwa na nani? Wa kwanza kuziomba ni wale ambao hawakuwa kwenye foleni, wale wanaobebwa. Hawakuwa na kitanda, lakini hawakuhesabiwa pia kama wasio na kitanda. Wakisikia kuna nafasi, wanajitokeza na kujaza fomu kwa majina yao halisi. Mtu wa ofisi ya malazi anayetazama namba atasema kwamba bweni limeongezwa na maombi yameongezeka, na ataona kama kazi bure.

Aende akafungue mlango wa chumba kile saa tano usiku. Godoro la uvunguni halipo tena. Kitanda cha chini kina mtu mmoja, amenyoosha miguu, na daftari la meneja kwa mara ya kwanza linasema kweli.